Kamera, Kitenge na Swala Milioni Sita: Mwongozo kwa Binti wa New Site Anayetaka Kazi ya Porini

Mdogo wangu, siku utakapotangaza nyumbani kwenu New Site, Juba, kwamba unataka kuishi kwa kupiga picha, kuandika na kutengeneza filamu za mito, misitu na wanyama, wa kwanza kusimama atakuwa mjomba. Mjomba wa namna hii yupo katika kila ukoo, kuanzia Juba hadi Tanga, na hoja yake ni moja tu: pori si mahali pa mwanamke. Usimkatize. Mpe kiti, mpe chai, mwache amalize. Kisha muulize kwa heshima zote. Kuni zilizochemsha chai hii zimetoka wapi, na nani kazileta? Nyasi zilizoezeka nyumba ya bibi kule kijijini alikata nani? Nani anayejua ni mti upi wa shea unaozaa sana, na njugu zake huanguka wakati gani? Kisima kikikauka, nani anajua kingine kiko wapi, na kwamba njiani kuna nyuki? Mjomba ni mtu mzima, hatasema uongo mbele ya watoto. Kila jibu litakuwa na jina la mwanamke.

Basi mshukuru, mwongezee sukari, uendelee na safari yako. Mwanamke wa Sudan Kusini hana haja ya kupelekwa porini na mtu yeyote. Yuko huko tangu alfajiri, mzigo kichwani. Anachokosa ni kamera mkononi, jina lake chini ya picha, na malipo mfukoni. Mwongozo huu ni wa kutafuta hayo matatu.

Anzia mlangoni

Kosa la wengi ni kungoja helikopta. Wanadhani kazi ya porini huanza pale ndege ndogo inapokushusha katikati ya mbuga, tembo wakiwa wamejipanga kukusubiri. Wewe anzia New Site. Tazama juu ya bucha asubuhi: mwewe wanazunguka, na mmoja atashuka kupokonya kipande cha utumbo kabla mwenye bucha hajageuka. Tazama jalala: kongoti wamesimama na vipara vyao, wakipekua kama wakaguzi wa forodha. Mvua zikianza, lifuate khor lililo karibu nawe, lile bonde ambalo miezi ya kiangazi ni njia ya mbuzi na chupa za plastiki, na siku ya mvua kubwa ni mto unaokata watu na nyumba zao. Yafuate malori ya maji hadi yanakojaza mapipa mtoni. Nenda uwaone akina mama wanaoponda kokoto chini ya Jebel Kujur, ule mlima ambao kila mgeni wa Juba huupiga picha kwa mbali bila kuuliza nani anauvunja kwa nyundo.

Chagua kitu kimoja kati ya hivyo, ukifuate mwaka mzima. Simama pale pale, piga pale pale, kiangazi na masika. Picha moja ya khor haina habari. Picha za khor lile lile mwezi baada ya mwezi, likiwa kavu, likiwa na vyura, likiwa limebeba godoro la mtu, hizo ni habari ambayo hakuna mpiga picha wa kutoka nje anayeweza kuipata, kwa sababu tiketi yake ya kurudi ni ya Ijumaa.

Na kuhusu mwewe wa bucha nakupa maelekezo kamili, maana ndiye mwalimu wa bei nafuu kuliko wote. Fika mapema, jua likiwa chini na liko mgongoni mwako. Mwombe mwenye bucha ruhusa, ununue hata robo ya nyama ili usiwe mzigo kwake. Weka kasi ya kamera sehemu ya elfu moja ya sekunde au zaidi, maana chini ya hapo mabawa yote yatakuwa ukungu. Usimfuate ndege angani kama mtu anayefukuza nzi. Mtazame anavyozunguka mpaka ujue anapopinda, kisha lenga pale atakapopita. Fokasi iwe kwenye jicho. Jicho likiwa limefifia, picha imekufa hata bawa likiwa zuri namna gani. Utakosa mara nyingi sana. Siku utakayompata, kucha zimekunjuka na jicho linang'aa, utakuwa umejifunza kazi ile ile ya kumpiga tai samaki juu ya Nile.

Kama unadhani habari ya mnyama mmoja mtaani ni ndogo mno, mkumbuke Owen. Alikuwa ndama wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Kenya baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kupelekwa Haller Park, Mombasa, ambako alimganda kobe mzee aitwaye Mzee kama mtoto kwa mama yake. Paula Kahumbu alikuwa msimamizi wa pale. Habari ile ya wanyama wawili katika zizi moja ikawa kitabu cha watoto kilichosomwa duniani kote. Kahumbu hakulazimika kwenda mbali. Alijua kilichokuwa mbele yake, na alikuwa amekisomea.

Jua hesabu za kwenu

Kuna jambo linaloniuma nalo nitalisema wazi. Muulize mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki, msafara mkubwa wa wanyama uko wapi? Atajibu Serengeti, na nyumbu kama milioni moja na robo. Hata mwanafunzi wa Juba atajibu hivyo. Wakati huo huo, kuvuka mto tu kutoka Juba, kati ya Badingilo, Boma na Gambella ya Ethiopia, wanapita swala wapatao milioni sita.

Hesabu hiyo ilitangazwa Juni 2024, baada ya ndege kufanya sensa mwaka 2023 juu ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Waliofanya kazi hiyo ni serikali ya Sudan Kusini pamoja na shirika la African Parks, ambalo tangu Agosti 2022 linaendesha mbuga za Boma na Badingilo. Takriban milioni tano ni kob wenye masikio meupe. Wengine ni tiang, ndugu wa nyamera, kisha tohe, na swala wa Mongalla. Mongalla unaijua: ni mji ulio kando ya Nile, kwenye barabara ya Juba kwenda Bor. Huyo swala amebeba jina la mahali ambapo shangazi yako pengine amewahi kushuka gari kununua samaki, na bado picha zake nyingi zilizoko duniani zimepigwa na watu wanaohitaji ramani kuipata Mongalla.

Nina hakika kwamba hakuna msichana wa New Site anayepaswa kumaliza sekondari bila kuwajua wanyama hawa wanne kwa sura. Wewe wajue hata kwa pembe. Jua pia kwamba wanaliwa. Nyama ya porini inaletwa mjini kwa biashara, kwa pikipiki na kwa magari, na biashara hiyo ndiyo tishio kubwa kwa msafara huu. Hii ni habari yako, kwa sababu unaweza kukaa na mama anayeuza nyama hiyo, ukamuuliza kwa lugha yake analipa karo ya nani, naye akakujibu. Mgeni mwenye lenzi ndefu atapata picha ya mizoga. Wewe utapata picha na maelezo, na bila maelezo hayo hakuna sheria itakayotungwa ikafanya kazi.

Tafuta na wanasayansi, uwe rafiki yao. Hawana muda wa kuandika vizuri, na wewe huna muda wa kuhesabu meno ya popo. Mwaka 2013 mtafiti DeeAnn Reeder, mwanamke, alitangaza na wenzake kwamba popo mmoja mwenye mabaka na mistari ya rangi hafifu, aliyekamatwa katika hifadhi ya Bangangai huko Western Equatoria, alistahili kupewa jenasi yake mwenyewe. Popo mzuri kiasi kile alikuwa hapa hapa nchini. Mtu wa kwanza kuambiwa habari kama hiyo akiwa Juba inafaa uwe wewe.

Wajue waliotangulia

Mtu akisema hajawahi kuona mwanamke katika kazi hii, mkalishe chini umsimulie.

Msimulie Jane Goodall, aliyefika Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa msichana akae msituni peke yake, wakataka awe na mtu wa kumsindikiza. Basi akaja na mama yake. Mama Vanne akakaa naye miezi ile ya mwanzo, akifungua zahanati ndogo kwa wavuvi huku binti yake akipanda vilima kutafuta sokwe. Kwa hiyo familia ikikataa uende peke yako, usivunje nyumba kwa ugomvi. Mwalike mama. Ukimwonyesha mama yako mara moja tu jinsi tembo wanavyovuka maji pale mbuga ya Nimule, hutakuwa tena na mtu wa kukuzuia. Utakuwa na mtu wa kukuuliza safari nyingine lini.

Msimulie Joan Root, mzaliwa wa Nairobi, 1936. Yeye na mumewe Alan walitengeneza filamu za wanyama ambazo wengi bado wanaziiga. Ile ya vichuguu vya mchwa, *Mysterious Castles of Clay* ya 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Walikuwa wa kwanza kupita juu ya Kilimanjaro kwa puto. Pale chemchemi za Mzima kiboko aliwashambulia chini ya maji, jino lake likapasua barakoa ya kuzamia usoni mwa Joan. Pamoja na hayo yote, miaka na miaka watu walimtaja kama mke wa mpiga filamu. Joan ndiye aliyepanga safari, aliyebeba vyombo, aliyelea wanyama yatima, aliyehakikisha kila kitu kipo mahali pake Alan akikihitaji. Alipobaki peke yake aliendelea kulitetea Ziwa Naivasha dhidi ya wavuvi haramu mpaka alipouawa nyumbani kwake Januari 2006. Ukimsoma Joan Root utaelewa kwa nini nasisitiza sana habari ya jina chini ya picha.

Msimulie pia Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, daktari wa wanyamapori aliyeanza kuwatibu gorila wa milimani miaka ya 1990, akaanzisha shirika mwaka 2003, na mwaka 2023 akatoa kitabu chake mwenyewe. Kisha umrudie Kahumbu, yule wa Owen. Huyu alifika hadi kutunukiwa na National Geographic mwaka 2021 kuwa mtafiti bora wa mwaka, na mwaka 2023 akaongoza watazamaji katika mfululizo wa *Secrets of the Elephants*. Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni *Wildlife Warriors*, kipindi kilichoanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2019, Wakenya wakiwaonyesha Wakenya wanyama wao. Hapo ndipo penye somo. Alikataa wazo kwamba filamu za wanyama wa Afrika ni bidhaa ya kuuza nje kama chai na maua. Na mfululizo wa *Queens* wa mwaka 2024, unaohusu wanyama majike wanaoongoza makundi yao, uliongozwa na wanawake kwenye kamera na kwenye utayarishaji, Mkenya Faith Musembi akiwa mmoja wao.

Hapo mjomba atakuwa amemaliza chai ya pili.

Juba ina masharti yake

Kupiga picha hadharani Juba si kama kupiga picha Zanzibar. Usinyanyue kamera kuelekea daraja, uwanja wa ndege, kambi, msafara wa viongozi, ofisi ya serikali, wala mtu yeyote aliyevaa sare. Hata kama shabaha yako ni yule mdiria aliyetua kwenye nguzo ya daraja, mdiria huyo mwache aruke. Mamlaka ya Vyombo vya Habari ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, na huko ndiko unakoombea vibali vya kazi; kuingia mbugani utahitaji Wizara ya Wanyamapori na Utalii. Kibali toa nakala nyingi. Moja ikae kwenye begi, moja mfukoni, moja nyumbani, na picha yake kwenye simu. Ukisimamishwa, simama, shusha kamera, salimia kwanza. Salamu ndefu, yenye habari za nyumbani na za watoto, imeokoa kamera nyingi kuliko hoja za haki za binadamu, ijapokuwa haki hizo unazo na ni vizuri uzijue kifungu kwa kifungu.

Kuhusu nguo, vaa inayokuwezesha kupiga magoti kwenye tope. Najua historia. Oktoba 2008 polisi waliwakamata wasichana hapo hapo Juba kwa kosa la kuvaa suruali zilizobana. Suruali ya kazi ya porini kwa bahati nzuri ni pana, ina mifuko sita, na haimpendezi mtu. Vaa hiyo, na begani tupia kitenge.

Kitenge ndicho kifaa ambacho orodha za Ulaya na Marekani husahau, nami sioni haya kusema kinazidi nusu ya vilivyomo. Unakaa juu yake ukimsubiri mnyama. Unafunika kamera vumbi likija, maana vumbi la Juba wakati wa kiangazi ni laini kama unga na huingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Unabadilishia lenzi chini yake. Ukiwa na kamera ya video, unajifunika kichwa na kioo cha kamera pamoja ili uone picha juani. Ukifika kwa wazee unajifunga kiunoni na unakuwa binti wa watu. Na katika uwanda usio na kichaka kimoja, ukiwa na wanaume watano na gari moja, wanawake wawili wakishika kitenge pande mbili, wa tatu ana choo chake. Wanaume hawajawahi kulifikiria jambo hili hata dakika moja, ndiyo maana ratiba zao hazina mahali pa kusimama. Wewe liweke kwenye ratiba kwa maandishi. Weka na pedi za kutosha, mara mbili ya unazodhani utahitaji, kwenye mfuko usioingia maji. Anayenyima mwili wake maji siku nzima kwa sababu ya kuona aibu kuomba gari lisimame, ataanguka kwa joto kabla ya saa tisa, na hakuna tuzo ya hilo.

Kamera yenyewe isikutishe. Simu nzuri inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukipata fedha, nunua lenzi ya mitumba inayovuta mbali kabla ya kununua kamera mpya. Nunua kinasa sauti hata kidogo, na kitambaa cha manyoya cha kufunika maiki, maana upepo wa uwanda wa Badingilo ukiingia kwenye maiki tupu hutasikia kitu isipokuwa ngurumo. Wengi hukimbilia picha wakaisahau sauti, na Sudan Kusini ni nchi ya redio. Radio Miraya, Eye Radio, Radio Bakhita: kuna watu ambao hawatawahi kuona picha yako, lakini wakisikia kwato za tiang zikikata maji, na mchunga ng'ombe akieleza kwa nini mwaka huu wamechelewa kupita, umewafikia. Rekodi dakika mbili za pori bila kuongea kila unapofika. Mhariri atakushukuru.

Barabara

Hapa sitanii hata kidogo. Tarehe 25 Januari 2015, huko Raja, Western Bahr el Ghazal, msafara uliobeba waandishi wa habari ulivamiwa njiani, na watano wakauawa. Wawili kati yao walikuwa wanawake, Dalia Marko na Randa George. Walikuwa wanakwenda kazini. Barabara ya Juba kwenda Nimule ina lami tangu 2012, ina kilomita 192, na inapita karibu na mbuga nzuri kabisa yenye tembo na maporomoko ya Fula. Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa katika barabara hiyo hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi kila safari, hata ya kwenda Mongalla na kurudi. Uliza hali ya njia kwa watu watatu tofauti: dereva wa malori, mtu wa kanisa, na mtu aliyeko kule unakokwenda. Wakitofautiana, usiende. Mwachie mtu nyumbani majina ya wote walio garini, namba za simu zao, namba ya gari, na saa utakayopiga. Usisafiri usiku. Hakuna swala aliye na thamani ya kusafiri usiku. Na mkubwa wa kazi akikuambia wewe ni mwoga, mwambie aje akae kiti cha mbele.

Kuna hatari nyingine ambayo haiko barabarani. Mkuu wa msafara anayeandaa hema moja kwa bahati mbaya. Mtayarishaji anayetaka mazungumzo ya mkataba yafanyike hotelini saa nne usiku. Mtu anayekwambia nafasi kwenye ndege ipo, ila inategemea. Hilo la kutegemea ni rushwa ya ngono, liite hivyo mbele yake. Uliza mapema, kwa maandishi, nani analala wapi. Dai mwanamke mwingine awepo katika kikosi. Mkiwa wawili mambo mengi hubadilika. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, na umpelekee mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Juba kuna chama cha wanawake wanahabari, AMWISS, na kuna umoja wa waandishi, UJOSS. Jiunge kabla ya kupata shida. Anayekuja na shida mkononi hupokelewa, lakini aliyekuwa akihudhuria mikutano hupiganiwa.

Chumba cha habari, jina na fedha

Kabla pori halijakulipa utahitaji chumba cha habari, na humo kuna mtego wa aina yake. Watakupa ukurasa wa mapishi na siku ya wanawake. Upokee, mdogo wangu, kisha uugeuze. Kwenye mapishi andika samaki wa Nile wanavyopungua ukubwa sokoni. Kwenye siku ya wanawake andika mama anayetembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta mkaa. Mafuriko yaliyoizamisha Bentiu tangu 2021 ni habari ya afya, ya elimu, ya ng'ombe na ya mipaka. Mwandishi wa mazingira ana haki ya kuingia kila ukurasa wa gazeti.

Anna Nimiriano ameongoza *Juba Monitor* akitishiwa kukamatwa na gazeti lake likiamriwa kufungwa, na mwaka 2019 akapewa tuzo ya ujasiri ya taasisi ya kimataifa ya wanawake wanahabari, IWMF. Taasisi hiyo hiyo ina mfuko wa fedha kwa wanahabari wanawake. InfoNile inatoa ruzuku kwa habari za bonde la Nile, na bonde hilo ni kwenu. NEWF ya Afrika Kusini inawafundisha Waafrika kutengeneza filamu za viumbe na mazingira. Women Photograph inaweka orodha ya wapiga picha wanawake ambayo wahariri wa magazeti makubwa huipekua wanapotafuta mtu. Kila ombi la ruzuku lina swali hili: kwa nini wewe? Wengi hujaza maneno makubwa. Wewe jibu kwamba unaishi hapa, unasema Kiarabu cha Juba, Kiswahili na lugha ya mama yako, na una picha za mwaka mzima za khor moja. Watakusoma mara mbili.

Kiswahili hicho usikidharau. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na msomaji wa Mwanza, Goma na Malindi ana hamu ya kujua nchi yenu ina nini zaidi ya vita. BBC, DW na RFI zote zina idhaa za Kiswahili. Wakikuomba habari ya mapigano, wape, kisha ongeza ya pili: msafara wa swala unaopita pale pale walipopigana.

Kuhusu jina, lisiachwe kwa wema wa mtu. Liandike ndani ya faili la kila picha, mwaka na mahali. Katika mkataba taja picha ni za nani, zitatumika wapi, kwa muda gani, na bei ikiongezwa matumizi. Mgeni akikuajiri kama mwenyeji wa kumtafutia magari, vibali, watu na lugha, na wewe ndiye uliyejua kwamba tohe watakuwa ng'ambo ile asubuhi ile, dai utajwe kama mtayarishaji mwenza na ulipwe hivyo. Kazi hiyo ina jina, nawe ndiye uliyeifanya. Weka nakala mbili za kila kitu, moja New Site na nyingine nyumba ya mbali, kwa sababu moto na wezi hawasomi mikataba.

Na fedha ziombe bila kuinamisha kichwa. Tuma ankara siku ile ile unayotuma kazi. Siku thelathini zikipita, piga simu. Wakisema mhasibu amesafiri, uliza anarudi lini, uandike tarehe mbele yao. Tarehe hiyo ikipita, piga tena, na umweleze mhariri kwa adabu kwamba tiang wameanza kuvuka, picha unazo tayari, na utamtumia mara tu za kwanza zitakapolipwa.